Jiwe Lenye Mimba

Mwanangu alinijengea kibaraza kwa mapenzi yake yote, na mpaka leo sijamsamehe. Yeye hajui. Asubuhi akienda kazini ananikuta nimekaa hapo na kikombe changu cha chai, ananiuliza, "Mama, raha?" Nami namjibu, "Raha, mwanangu, mpaka inamwagika." Anaondoka anapiga mluzi. Mwacheni apige.

Nieleze vizuri, maana wengine mtadhani nimezeeka vibaya.

Mimi na marehemu mume wangu tulikuwa watu wa mawe. Si wa kuyachonga wala kuyauza, ni wa kuyaokota tu. Wenzetu Jumamosi wanaangalia mpira, wengine wanasengenya. Sisi tulikuwa tunapanda gari la mwalimu mmoja mstaafu, tunakwenda kwenye machimbo yaliyoachwa au kwenye mto uliokauka, tunashinda juani tumeinama kama watu waliodondosha sindano. Mume wangu alikuwa fundi bomba. Wiki nzima anainamia mabomba ya watu, halafu siku yake ya kupumzika anainama tena kwa hiari. Mara ya kwanza nilimfuata ili nijue kama kweli ni mawe au ana mwanamke huko. Nikakuta ni mawe. Karibu nisikitike, maana mwanamke ningempiga mambo yakaisha. Mawe yalinishika na mimi.

Kikundi chetu kilikuwa kidogo: huyo mwalimu, mshona viatu mmoja, nesi asiyeongea, sisi wawili, na mzee tuliyemwita Kunguru, kwa sababu kitu kikimeta tu chini, yeye keshafika. Na tulikuwa na sheria moja. Jiwe ni la yule aliyeliramba kwanza. Msicheke. Jiwe kavu limejaa vumbi halikwambii kitu, ila ukilitia mate rangi yake inajitokeza. Kwa hiyo ungetuona watu wazima, wengine na wajukuu, tumetoa ndimi nje kama ndama. Ukishaliramba ni lako, na kwa kweli hakuna anayelitaka tena.

Siku moja kwenye kingo za ule mto mume wangu na Kunguru waliona jiwe moja kwa wakati mmoja. Lilikuwa la duara, kubwa kama kichwa cha mtoto mchanga, baya, lina chunusi. Mume wangu alijitupa chini kama golikipa, akaliramba pamoja na matope yake.

"Mimi ndiye niliyeliona kwanza!" Kunguru akapiga kelele.

"Kuona umeona, ndugu yangu," mume wangu akasema huku anatema mchanga. "Ila ulimi ulikuwa wapi?"

Kunguru aliliomba alishike tu. Akalishika, na nikamwona uso unabadilika. Jiwe lile lilikuwa jepesi kuliko ukubwa wake. Mawe ya namna hiyo tuliyaita yenye mimba: nje kama kiazi kilichosahauliwa jikoni, ndani kuna uwazi, na katika uwazi huo fuwele zimeota pande zote kama meno. Kunguru akalitikisa karibu na sikio lake. Akanipa na mimi. Kulikuwa na kitu kidogo kimeachia ndani, kinagonga. Tik. Unatikisa tena. Tik.

"Lipasueni tuone," Kunguru akasema.

"Nani apasue?" mume wangu akajibu. "Nyundo itaua kila kitu. Hili litakatwa kwa msumeno wa fundi marumaru, pole pole, kama keki ya harusi."

Njiani kurudi tukawekeana dau. Yeye akasema ndani ni zambarau. Mimi nikasema ni nyeupe tu, kwanza ili nimpunguzie tamaa, pili kwa sababu nilipenda kumpinga. Atakayeshindwa awe anamwosha mwenzake miguu kila tukirudi safari, maisha yote yaliyobaki. Mnajua miguu ya mtu aliyeshinda machimboni? Dau lilikuwa kubwa.

"Na usije ukalifungua bila mimi," akaniambia. "Nakujua kwa kiherehere."

"Nitakungoja," nikasema.

Wiki hiyo hiyo alikwenda hospitali kupimwa kifua. Alikwenda kwa miguu yake, na mfuko wa machungwa. Hakurudi.

Basi nikangoja. Nilikuwa nimeahidi, na nilikuwa sina haraka. Jiwe lilikaa mlangoni pale alipoliweka yeye, mpaka siku za msiba. Kunguru alikuja kunipa pole. Alilia kweli, lakini jicho moja linalia na jingine liko mlangoni. "Shemeji," akaninong'oneza, "lile la mimba mlishalifungua?"

Nikamwambia nimempa mtu. Alipoondoka tu, nikalibeba mpaka nyuma ya nyumba. Kule kulikuwa na lundo la mawe mabovu ambayo mume wangu alikuwa anayatupa kila tukirudi, lundo la miaka na miaka, limeota majani. Nikalisukuma katikati ya hayo, nikalipaka matope kama wezi wanavyobadilisha namba za gari. Nikajipongeza. Nani atatafuta jiwe ndani ya mawe?

Sebuleni nilibakiza kabati la vioo lenye mawe ya kuwanyamazisha wageni, yale yaliyosuguliwa yakang'aa, mekundu, ya kijani, yenye mistari. Wageni wanasema "Aaa!" wanakunywa chai, wanakwenda zao. Thamani yake ni sawa na vifungo vya shati.

Mwanangu sikumwambia. Namjua mwanangu, mdomo wake hauna komeo. Ukimwambia asubuhi, mchana mkewe anajua, na jioni wanajua mpaka wauza mkaa. Nikanyamaza. Nikienda kumwaga maji ya vyombo nyuma, naangalia kushoto, naangalia kulia, nalichomoa, nalitikisa kidogo sikioni. Tik. Nalirudisha. Hayo ndiyo yalikuwa mazungumzo yangu na mume wangu.

Sasa mwaka huu jicho langu la kulia limezimika. Daktari wa macho alinimulika na kijitochi chake, akavuta pumzi kwa ile namna yao, akasema la kushoto nalo linafuata, na si ugonjwa wa kupasua. "Mama, kama kuna vitu unataka kuviona, viangalie sasa." Kijana mzuri, ila mdomo wake ungehitaji kushonwa.

Nilipotoka pale nilikuwa nimekwisha amua. Mume wangu atanisamehe. Yeye alishakwenda kuona aliyokwenda kuyaona, na mimi nione langu kabla taa haijazimika. Jumamosi ile kikundi kilikuwa na safari, na njia ya kurudi inapita kwa fundi marumaru, yule anayekata mawe ya makaburi. Nilipanga nimweleze, halafu kesho yake nimpelekee jiwe.

Asubuhi ile mwanangu alinishangaza. Siku zote nikivaa viatu vyangu vya mawe ananitania, "Mama, ya hapa nyumbani umeyamaliza?" Siku hiyo amenishikia mfuko mpaka barabarani.

"Nenda, Mama. Leo hasa usikose."

"Kwani leo kuna nini?"

"Hakuna kitu. Nenda ukafurahi. Usiwahi kurudi."

Mkewe alikuwa dirishani anacheka kwa mkono mdomoni. Nikasema hawa wana jambo lao. Nilidhani ni keki.

Machimboni sikupata kitu, na sikutafuta sana. Kunguru alinikuta nimekaa juu ya jiwe.

"Shemeji umekwisha," akasema. "Zamani ungekuwa umeramba nusu ya mlima."

"Ulimi wangu naupumzisha. Kesho nina kazi nao."

Akanitazama upande, kama kunguru mwenyewe. "Hukumpa mtu lile jiwe."

"Jiwe gani?"

"Mwongo mkubwa wewe!" Akacheka mpaka akakohoa. "Likikatwa, niite. Sitagusa. Nitasimama mlangoni mikono nyuma."

Nikamwambia nitafikiri. Moyoni nilishakubali. Kuona kitu kama kile peke yako, bila mtu wa kukuonea wivu, ni hasara.

Fundi marumaru alikubali. Alisema atalifunga vizuri lisitikisike, na msumeno ataupitisha na maji. Nikarudi nyumbani natembea kama msichana.

Mwanangu alikuwa amesimama mbele ya nyumba, amefungua mikono kama mtu wa kwenye tangazo. Nyusi zake zina saruji. Nyuma yake, mahali palipokuwa na matope yetu ya kila siku, pamekaa kibaraza cha zege, kibichi, kimezungushiwa mbao na kamba.

"Usikanyage, Mama, bado hakijashika! Umeona? Hutakanyaga matope tena. Kila siku nakuona unasugua miguu pale bombani, roho inaniuma."

"Kizuri, mwanangu," nikasema. Na kilikuwa kizuri. Nikauliza, kama utani tu, "Na mawe ya kujazia mmeyatoa wapi?"

"Hapo ndipo utanipenda! Hatukuleta hata tripu moja. Ule uchafu wa nyuma wote tumeumaliza. Nenda ukaone palivyosafishika."

Nilikwenda. Palikuwa peupe kama kichwa kilichotoka kwa kinyozi.

Nilivyorudi nadhani uso wangu haukuwa mzuri, kwa sababu alinishika mkono haraka. "Mama! Usiogope! Mawe yako nimeyalinda mwenyewe, kwa mikono yangu." Akanipeleka kwenye kabati. Kila kijiwe kimefungwa kitambaa, kimoja kimoja, vumbi la saruji lisikiguse. Amekata shuka yake nzuri. "Hakuna hata moja lenye mkwaruzo. Hesabu."

Sikuhesabu. Nilimwambia asante.

Fundi mwashi alikuwa bombani anaosha mwiko wake. Nikamwendea taratibu, kama mtu anayetaka kusifia kazi.

"Fundi, katika yale mawe ya nyuma, kulikuwa na moja la duara, jepesi?"

"Mama, mawe ni mengi."

"Fikiri, baba. Linagonga ndani ukilitikisa."

"Sikutikisa jiwe, mama, nina wazimu?" Akafikiri. "Ila jepesi lilikuwepo. Nililigonga nyundo moja tu likafunguka kama yai. Nikasema hili bovu, lina uwazi, litanibonyezea zege. Nikalisaga kabisa."

"Ndani lilikuwaje?"

"Tupu."

"Rangi, fundi. Rangi gani?"

"Lilikuwa linameta meta, kama chupa."

"Chupa ya rangi gani?"

"Mama yangu, zege lilikuwa linanikaukia!"

Mwanangu akaita kutoka mbele, "Mnaongea nini?"

"Namuuliza kama amejazia vizuri!"

"Vizuri sana, Mama! Hapo hata tembo akae!"

Zege lilikuwa bado bichi. Ningeweza kusema neno moja wakalichimbua lote, wakapata vumbi. Na mwanangu angejua. Nilimwona pale anainama kusawazisha kona kwa kiganja, mgongo ni wa baba yake vile vile. Nikanywa maji, nikaingia ndani.

Kunguru alikuja mwenyewe baada ya kungoja kuitwa akachoka. Kibaraza kilikuwa kimeshika, na mwanangu yuko kazini. Alikaa kwenye kiti, akatazama kabati kupitia dirisha.

"Liko wapi, shemeji?"

"Umelikalia."

Alidhani natania. Nikamweleza. Hakunikatiza hata kidogo, na Kunguru hajawahi kunyamaza tangu azaliwe.

"Nyundo?" akauliza mwisho.

"Nyundo."

Akavua kofia, akaitazama ndani kama kuna kitu. "Siku ile ya msiba nilitaka kuliiba," akasema. "Lilikuwa pale mlangoni, na nilivaa koti kubwa makusudi. Nikasema, hapana, mwenzangu bado hajapoa. Bora ningeliiba."

"Bora ungeliiba, mbwa wewe."

"Ningekuita ulione."

"Najua."

Yeye alikuwa amenyanyua miguu kidogo, visigino havigusi sakafu.

Siku hiyo hiyo fundi akapita kumalizia ngazi. Kunguru akamsimamia kichwani, akamkazia macho. "Wewe kijana. Jiwe ulilovunja la huyu mama. Ndani lilikuwa rangi gani? Sema kweli."

Fundi akatuangalia, wazee wawili, mmoja kofia mkononi, mwingine jicho moja. Ni mtu mwema, nimeliona hilo. Hakutaka kutuudhi.

"Lilikuwa kama... bluu," akasema. "Au zambarau." Akanigeukia, anatabasamu. "Kwani mama anapenda ipi?"

Kunguru akafungua mdomo, nikamkanyaga mguu.

"Nyeupe," nikasema.

"Ndiyo hiyo hiyo, mama! Nyeupe pee. Sasa nimekumbuka."

Basi nimeshinda dau. Jioni nikirudi safari sipiti bombani, nakaa hapa, viatu nimevua, nanyoosha miguu yangu juu ya zege la mwanangu, naingoja ioshwe.