Toroli Kumi na Tisa

Kutoka barabarani hadi mlangoni kwetu kuna ngazi sabini na moja, na nyonga yangu ya kushoto ni ya chuma. Mwezi Machi alipatikana mnunuzi wa nyumba. Mimi nilitia saini siku hiyo hiyo. Mume wangu, Tad Wojtowicz, alikuwa na muda mpaka Ijumaa. Kule Ohio, binti yetu Maribeth alishatupakia rangi chumba cha chini, kisicho na ngazi hata moja.

Jumatano akaja Oberholtzer, wa chama cha wapenzi wa reli, na uvumi ule ule: kichwa cha treni cha umeme kilichoegeshwa kwenye makumbusho ya mji wetu tangu 1984 kitafufuliwa, kivute tena mabehewa mpaka Philadelphia. Uvumi huu ni wa nne. Kila ulipofika, nyumba iliondolewa sokoni, kwa sababu Tad ndiye dereva wa mwisho aliye hai kati ya waliokiendesha. Kila Januari hunipa kitabu cha kanuni za ishara za reli nimtahini, kana kwamba kazini bado wanamngoja. Hajakosa swali.

Oberholtzer alikula vipande viwili vya pai ya molasi, akasema watamhitaji mzee awafundishe madereva wapya. Tad akaikunja karatasi ya mauzo, akaiweka chini ya bakuli la sukari.

Nilifanya kazi maabara ya reli miaka thelathini na moja, na mafuta ya transfoma ya kichwa hicho niliyapima mimi. Nilimweleza mgeni nilichokikuta: sumu, mara nyingi zaidi ya kiwango kinachoruhusiwa. Ndiyo maana mafuta yaliondolewa na transfoma ikajazwa zege. Fremu nayo ina nyufa. Nikamuuliza kama amewahi kufungua kile kichwa akaangalia ndani. Hakuwahi.

Akamgeukia Tad. "Kweli hayo, mzee?"

Tad alikoroga kahawa yake isiyo na sukari.

"Toroli kumi na tisa za zege," akasema. "Nilizisukuma mwenyewe. Wakubwa waliniambia, wewe si ndiye unayekipenda, basi kizike."

Hilo sikulijua. Miaka yote hiyo niliamini anangoja kwa sababu hajui kilichomo ndani.

"Sasa unangoja nini?" nikamuuliza.

"Ohio nitakuwa baba yake Maribeth tu. Hapa watu wanakuja kuniuliza."

Oberholtzer aliandika idadi ya toroli kwenye daftari lake, akaaga kwa adabu. Nikaitoa karatasi chini ya bakuli, nikaweka kalamu juu yake.

Alhamisi asubuhi simu ya Tad iliita mara sita. Chama kilikuwa kimetangaza kwamba shahidi amethibitisha kilichomo ndani na kiasi chake, kwa hiyo sasa inajulikana ni nini cha kutoa. Walishaomba kuazima mashine ya kutoboa zege.

"Na nyufa?" nikasema.

"Nyufa zinachomelewa." Alikuwa ameshafunga mnyororo wa saa yake ya kazini. "Usininunie, Verna. Kumi na tisa si nyingi."

Ijumaa saa kumi na moja jioni ilipita, upande wake wa karatasi ukiwa mtupu. Mnunuzi akachukua nyumba nyingine, ya bondeni.

Jumatatu, ingawa Januari ilikuwa mbali, Tad alinipa kitabu cha kanuni. Nilifungua ukurasa wa kwanza nikamuuliza maana ya taa tatu zilizolala mlalo.

"Simama," akajibu, na alikuwa sahihi.