Haoni Mbali

Wakubwa kwa wadogo, tegeni masikio! Natangaza kwamba haki imeshuka duniani. Ilishukia ofisi ya leseni, chumba cha kupimia macho, nami ndiye niliyeibeba, kwa kalamu ya wino mzito niliyoiazima bwenini bila mwenyewe kujua.

Mjomba ameendesha malori tangu sijazaliwa. Leseni ya magari makubwa haifanywi upya bila kupimwa macho, na mpimaji alikuwa ameshamwangusha mara mbili. Mjomba alisoma herufi zote mpaka mstari wa chini, lakini mpimaji akatikisa kichwa.

"Mzee, wewe huoni mbali."

"Naona hadi jina la kiwanda kilichouchapa ubao, lile dogo pale pembeni."

"Ndiyo maana nakwambia huoni mbali."

Foleni nzima ilielewa. Mjomba, ambaye hajawahi kumpa mtu chai ila ile ya kikombe, alikataa kuelewa. Muhuri ukashuka kwenye faili lake: HAONI MBALI. Tajiri wake naye akamwambia, "Jumatatu lori linaondoka. Huna leseni, ufunguo nampa mwingine."

Nilirudi likizo nikamkuta anafuta vioo vya lori asiloruhusiwa kuliendesha. Shuleni hufundishwa kwamba kisasi ni dhambi. Siku ya somo hilo nilikuwa naumwa tumbo.

Jumatatu asubuhi nilimsindikiza. Mpimaji alipotoka kidogo, nikanyemelea ndani na kubandika karatasi yangu juu ya ubao wake: herufi kubwa juu, ndogo chini, kama ilivyo desturi. Akarudi, akamwita Mjomba. Mlango ulikuwa wazi.

"Soma."

Mjomba alisoma moja moja, kwa adabu zote. "M. W. I. Z. I."

"Shuka chini."

"A. M. E. K. A. A. Halafu H. A. P. A."

"Mwizi amekaa hapa!" dada mmoja kwenye foleni akaziunganisha. Watu wakaangua kicheko.

Mpimaji akageukia ubao, akakodoa macho. Hakuona kitu. Akainuka, akasogea, akasogea tena, hadi pua ikagusa karatasi. Kicheko kikapasua dari. Nilikilamba kisasi kama asali.

Kisha akafungua droo, akatoa mkasi. Leseni ya Mjomba ilikuwa mezani.

"Nani kaandika upuuzi huu?"

Mjomba alivitazama vidole vyangu. Vilikuwa vyeusi tii.

"Mimi," akasema Mjomba.

"Mwongo! Ni mimi," nikapayuka, nikainua mikono. "Mjomba hajui lolote. Nimeandika mimi, nimebandika mimi."

"Wewe una leseni?"

"Sina."

"Basi nyamaza."

Mkasi ukapita katikati ya picha ya Mjomba.

Nje, tuliposimama kwenye ngazi, honi tunayoijua ikalia. Lori lilikuwa linapanda kilima ng'ambo ya mji, dogo kama kiberiti. Mjomba akaisoma namba yake yote, herufi kwa herufi, mpaka lilipomezwa na kona.

"Samahani, Mjomba."

"Umeandika wewe," akasema. "Aliyesoma ni mimi."