Mshono wa Bahari ya Kiegeani

Jumatatu asubuhi Bi Kidawa wa Kiegeani alishuka pwani kutazama shamba lake la mwani, akakuta bahari imepasuka. Ufa ulikuwa na upana wa hatua nne, chini mchanga mkavu, nao ulikwenda moja kwa moja mpaka kisiwa cha Juani. Maji yalikuwa yamesimama huku na huku, samaki wanachungulia. Kamba zake arobaini za mwani, zilizobakiza wiki moja kuvunwa, zilikuwa humo ndani ya ufa zinapigwa na jua. Hapo ndipo roho ilipomuuma. Ufa si kitu, lakini mwani ule ndio uliokuwa bati la nyumba yake.

Ilipofika saa nne watu wa Juani walishazoea, wanavuka kwa miguu. Zoeb, mwenye duka Kilindoni, alipeleka mchele kwa baiskeli, akalalamika kwamba mchanga ni laini mno.

Kidawa akaenda Kilindoni, ofisi ya mradi wa kuchora mikondo ya maji.

"Shikamoo, Bi Kidawa," alisema Hemedi, mtaalamu kijana mwenye digrii mbili.

"Marahaba. Bahari imepasuka."

"Tumeiona kwenye kompyuta."

Akaeleza. Maji ya ukingoni hupimwa, ya katikati kompyuta huyatafuta yenyewe kwa hesabu, na ili iyapate, bahari hukatwa vipande vya pembetatu. Ndani ya hifadhi ya bahari yeye alichora vidogo, na nje ya hifadhi mwenzake wa Dar alichora vikubwa. Vilipokutana, pembe hazikulingana. Kila upande ukapata jibu lake, na bahari, maskini, ikayafuata yote mawili.

Kidawa akatazama skrini. Alikuwa na miaka thelathini ya kushona nyavu.

"Macho madogo mmeyaunga na makubwa, jicho kwa jicho? Haa! Nani kawafundisha? Tia uzi wake peke yake katikati, mwanangu, kisha gawa: jicho kubwa moja, madogo matatu. Usilazimishe kila jicho likutane na mwenzake. Tazama tu mvuto uwe sawa huku na huku."

Hemedi aliandika yote, akabonyeza. Saa nane mchana ufa ulijifunga bila kelele. Baiskeli ya Zoeb ilibaki ndani, akaifuata kesho yake kwa mtumbwi. Mwani ukalowa, ukapona, na Kidawa akafurahi mpaka akaimba.

Alhamisi Hemedi alileta barua. Mradi unashukuru. Hata hivyo, shamba la Bi Kidawa limekaa juu ya mshono. Halimo katika ramani ya ndani wala ya nje, kwa hiyo halipo, na linatakiwa kuondolewa.

"Halipo, halafu liondolewe?"

"Ndivyo ilivyoandikwa, Bi Kidawa." Angalau aliona haya.

"Na huo mshono kashona nani?"

Kidawa alikasirika kweli, akamwambia maneno ambayo si ya kuandikwa hapa, naye Hemedi akayapokea yote.

Jumamosi walikuja watu wawili wa mradi na boti. Shamba lisilokuwepo walilipata mara moja, wala hawakuuliza njia.