Kopo la Sita na Kopo la Tisa

Televisheni ilikuwa pana kiasi kwamba mlango wa sebule uling'olewa bawaba ili ipite, na ilipokwisha kupita mlango haukurudishwa, maana mwenye nyumba alitaka majirani waione hata wanapokwenda kutupa takataka. Mwenye nyumba huyo alikuwa mkaguzi wa vipimo mstaafu. Miaka thelathini na mbili alizunguka madukani akikagua mawe ya kilo za watu, na hakuna soko alilotoka bila kuacha mtu analia. Walimwita Mizani, na jina hilo alilipenda kuliko alilopewa na baba yake.

Makini alifika saa nane kamili mchana, kwa kuwa aliitwa saa nane. Alivua viatu, akavipanga visigino sambamba, akaingia. Mizani alikuwa shemeji yake, mume wa mdogo wake, na Makini alijua kwamba mtu aliyekuchukia miaka karibu arobaini hakualiki kutazama filamu kwa sababu amekukumbuka.

"Karibu, shemeji," Mizani alisema. Neno shemeji kinywani mwake lilikuwa na miiba mingi kuliko nyama.

Uadui ulianzia kwenye karanga. Mke wa Makini, alipokuwa hai, aliziuza mbele ya sinema, na siku moja Mizani, kijana mwenye sare inayonuka duka bado, alimnyang'anya jiwe la robo kilo mbele ya foleni nzima akidai limetobolewa chini ili liwe jepesi. Lilikuwa limetobolewa kweli. Lakini hiyo si hoja. Mke wa shemeji yako humwumbui hadharani. Unamwendea jikoni, unamnong'oneza, unaondoka na karanga zako.

Makini mwenyewe alikuwa fundi wa mitambo ya sinema hiyo miaka ishirini na minane, kwenye chumba cha juu mwisho wa ngazi, mlango namba sita. Inasemekana mkanda haukukatika mikononi mwake hata mara moja. Inasemekana pia kwamba paa lilipovuja alishika mwavuli kwa meno na filamu ikaendelea. Anayeyasema hayo hasa ni yeye, lakini mji ulimwamini ukampa jina. Baadaye sinema ilifungwa, ikawa ghala la magodoro, na sasa ilikuwa inafunguliwa tena iwe ukumbi wa mji. Kamati ya ukumbi ilipiga kura kile chumba cha juu kiitwe kwa jina lake. Bango lilikuwa tayari: CHUMBA CHA MAKINI, herufi za bluu, na chini yake, AMBAYE HAKUKOSEA. Lingepigwa misumari Jumamosi. Mwenyekiti wa kamati alikuwa Mizani, aliyepinga akashindwa kwa kura, kwa hiyo bango lilikuwa limegeuziwa ukuta nyuma ya kochi lake kama mtoto aliyetiwa adabu.

Makini aliliona mara tu alipoketi. Mke alishatangulia mbele ya haki, wanawe walikuwa mbali, na kilichobaki duniani chenye jina lake kilikuwa ubao ule.

Pale sebuleni walikuwamo wawili wengine. Mmoja ni mdogo wake Makini, mke wa Mizani, ambaye mji ulimwita Subira, na sababu itakuja. Wa pili ni katibu wa kamati, fundi cherehani mmoja aliyeitwa Pindo, mtu mpole asiyewahi kumaliza suruali ya mtu siku aliyoahidi. Kila mteja alimwambia itakuwa tayari Ijumaa, bila kusema Ijumaa ya mwezi gani. Alikuja na daftari la kamati. Makini alijiuliza daftari la nini, kama ni filamu tu.

Filamu ilikuwa ile ambayo mji mzima uliijua kwa jina la Jemadari, kwa kuwa jina lake halisi liliandikwa kwa herufi ambazo hakuna aliyeweza kuzisoma. Ilikuja miaka arobaini na mmoja iliyopita, ndani ya makopo kumi ya bati: saa tatu na dakika ishirini, farasi wasiohesabika, na lugha ambayo hata mwalimu mkuu alikiri haijui. Watu waliielewa kwa macho. Na walichokielewa ni hiki: katikati ya hadithi Jemadari anachomwa mikuki, anazama mtoni, anakufa. Halafu, bila maelezo yoyote, anatokea tena juu ya farasi, anapigana vita viwili kwa hasira kubwa kuliko kwanza, anaoa, na mji wake wote unatoka barabarani ukilia machozi ya furaha. Ilionyeshwa wiki kumi na moja. Ikazaa na msemo: kurudi kijemadari. Mgonjwa akitoka hospitali karudi kijemadari, mfungwa hali kadhalika, hata umeme.

Mizani peke yake hakuiona wakati ule. Alikuwa safarini pamoja na kikosi cha kujenga barabara, mafuriko yakabeba kambi, na jina lake likasomwa kwenye orodha ya waliokufa. Subira alikuwa mchumba wake. Nyumbani walimlilia marehemu siku chache, kisha wakampokelea binti yao posa nyingine, ya kijana mpole fundi cherehani. Ndiye huyu Pindo. Wiki hiyohiyo kaka mtu akamwingiza Subira sinema bila tiketi, apunguze machozi. Akatoka macho makavu, akamwambia baba yake kwamba hata yule Jemadari watu walimwona akizama, na posa akairudisha. Miezi minane baadaye Mizani aliingia uani, mifupa mitupu, kiatu kimoja. Tangu siku hiyo, akirudi nyumbani jioni, hata kama ametoka kunyoa tu, mkewe humpokea kwa neno moja: umerudi kijemadari.

Watoto wao ndio waliowanunulia televisheni hiyo, na diski ya Jemadari juu yake, iliyosafishwa upya, yenye maandishi ya Kiswahili chini. Mizani aliitazama kwanza peke yake, Subira akiwa msibani. Ilipokwisha alisugua viganja. Kisha akatuma watu waitwe.

Mizani akabonyeza rimoti, na kwa zaidi ya saa moja na nusu Makini alisahau kwamba yumo katika nyumba ya adui. Enzi zile filamu hiyo aliitazama kupitia kidirisha kisichozidi tofali, mtambo ukikereza sikioni, na mkanda wenyewe umechanika mistari hata ikawa vita vyote vinapiganwa kwenye mvua. Kumbe haikuwahi kunyesha. Kulikuwa na jua kali na vumbi jekundu, na jasho la farasi lilionekana tone kwa tone. Aliona nyuma kabisa ya jeshi askari mmoja akipiga mwayo. Pindo alisogea hadi pua ikakaribia kugusa kioo, akatangaza kwamba joho la Jemadari limepindwa kwa mkono, uzi mara mbili, na aliyelipinda ni mtu wa haki. Spika zilipopiga ngoma ya vita, vikombe vya Subira vilitembea mezani. Raha ilimpanda Makini kooni, akasema kwa sauti kwamba hii ndiyo sinema.

"Ndiyo hiyo," Mizani alisema. "Ngoja sasa."

Ikaja harusi. Jemadari, mzima wa afya, hajachomwa hata mwiba, akamfunua bibi arusi mtandio. Pindo aliinua kichwa akauliza mbona anaoa kabla ya kufa.

Mizani aliisimamisha picha. "Swali zuri, katibu. Liandike."

Makini hakuwa mtu wa kukosa jibu. Alieleza, mguu juu ya mguu, kwamba hawa wa viwandani siku hizi hupanga upya filamu za zamani. Vijana hawana saburi, wanataka harusi mapema, kwa hiyo wanachukua mkasi na kusogeza. Alimtaja fundi mwenzake aliyeacha kazi kwa sababu hiyohiyo, akamwongezea na kaburi. Pindo alitikisa kichwa kwa huzuni. Mizani alibonyeza tu.

Vita vikapita, cha kwanza na cha pili. Ndipo Jemadari akafika mtoni. Enzi zile walichokiona ni kivuli na maji meusi. Sasa waliona kope zake. Waliona povu likitoka puani, likipungua, likikoma. Subira alisubiri, mikono magotini, kama mtu anayejua basi litakuja. Filamu ikasonga, na farasi akatokea mtoni bila mtu.

Kisha mji ukatoka barabarani. Yale waliyoyadhani maua ya harusi yakidondokea vichwa vya watu yalikuwa majivu. Mama wa Jemadari alikuwa anachana nguo yake, nyuzi zikionekana, na chini yake maandishi yalisema: Amekufa. Tutalindwa na nani?

Mizani alizima. Kioo kikawa cheusi, wote wanne wakajiona humo.

"Kuna mawili, shemeji. Ama dunia nzima imekosea, ama wewe."

Makini alitazama bango. Aliweza kubuni tena. Uongo wa tatu na wa nne ulikuwa umeshapanga foleni. Lakini yale majivu yalionekana mno.

"Kopo liligeuka," alisema. "Waliandika namba tu, hawakupiga mstari chini. Sita ukiipindua ni tisa."

Akaeleza yote. Alipotambua, Jemadari alikuwa ameshazama. Angeweza kuzima taa, lakini jina la Makini alikuwa amepewa mwezi mmoja tu kabla, bado linanukia. Basi akaiacha iendelee. Na Jemadari alipotokea tena juu ya farasi, ukumbi ulipanda juu ya viti, vitatu vikavunjika, mwenye sinema akapanda ngazi mbio, akamkumbatia, akamwambia asiguse kitu. Kuanzia hapo alikosea makusudi, kwa uangalifu mkubwa, mara mia moja hamsini na tatu, na hakukosea kukosea hata mara moja.

Mizani aliyapokea maneno hayo kama mtu anayetuliwa mzigo. Alimwambia katibu aandike kwamba aliyeitwa Makini hakuwa makini, kwamba mji umedanganywa miaka arobaini na mmoja, na kwamba bango litachanwa kuni kabla ya Jumamosi.

Subira aliweka kikombe chini. "Kwa hiyo hakurudi."

"Harudi mtu pale," Mizani alisema kwa furaha. "Alikufa, akazikwa, basi. Kaka yako alikudanganya mchana kweupe."

"Nilidanganywa. Nikamkataa huyu."

Hakumwonyesha kwa kidole. Kalamu ya Pindo ilikuwa imesimama.

"Gauni nilikuwa nimeshalishona," Pindo alisema. "Lilikuwa tayari. Hilo tu ndilo lililowahi kuwa tayari."

Mizani alimtazama mmoja, akamtazama mwingine. Miaka yote aliyoinua mawe ya watu kukagua chini hakuwahi kuinua lake, na sasa aliliona limetobolewa.

Kilichofuata hakikuwa cha watu wazima. Pindo, yule mpole, alimwita Makini mwizi wa mke wa mtu. Makini alimjibu kwamba Subira angeolewa naye angekuwa angali anangoja harusi hadi leo, maana ingekuwa tayari Ijumaa. Mizani alimfukuza Pindo. Pindo alikataa kuondoka, akafungua ukurasa mpya, akasema anaandika muhtasari kamili kama katibu anavyopaswa: kosa, mwenye kosa, na waliofaidika na kosa, na atausoma ukumbini Jumamosi kwa kipaza sauti.

Subira ndiye aliyewanyamazisha, bila kupaza sauti. "Pigeni kura. Kama alikosea, ndoa hii ni mtoto wa kosa, nami nitaisahihisha. Kama hakukosea, bango lipande."

Mizani alijaribu kucheka, akamwuliza mama watoto kama anatania. Mkewe alimjibu kwamba yeye hakai katika nyumba isiyo na mlango ili kutania.

Katibu aliinua kalamu. "Mwenyekiti anasemaje?"

"Hakukosea," Mizani alisema, kama mtu anayetafuna mchanga.

Makini aliinuka kumshika mdogo wake mkono. Subira aliuvuta. Alimwambia asimshukuru, miaka arobaini na mmoja alimwachia ajenge maisha juu ya kopo lililogeuka, na kila alipomsikia akisema ule msemo aliitikia na kunywa chai yake. "Usirudi hapa," alisema. "Hata kijemadari."

Jumamosi bango lilipanda. Mwenyekiti alilipiga mwenyewe, misumari minne, kila pigo akilitolea jasho la chuki, na watu wakapiga makofi. Mlangoni kulikuwa na namba ya zamani, sita ya bati, iliyolegea. Mizani alijitolea kuikaza pia. Aliipiga msumari mmoja, chini, akashuka ngazi akipiga mluzi.

Asubuhi yake Makini alipanda akaikuta tisa. Akaigeuza. Hadi adhuhuri ikawa imeanguka tena, na mbele ya namba hiyo, chini ya AMBAYE HAKUKOSEA, wageni walikuwa wameanza kuulizana. Msumari wa pili ungemaliza yote. Lakini mali ya ukumbi haiguswi bila kibali, na barua ya kuomba kibali hupitia kwa katibu. Makini ameipeleka mara tano. Kila akiuliza, Pindo anavua miwani, anamwangalia kwa upole, anamwambia itakuwa tayari Ijumaa.