Msokoto wa Kushoto

Kimbunga kiling'oa mabati yetu alfajiri, yote, na mume wangu ni fundi wa mapaa. "Mganga hajigangi," majirani walisema, wakicheka huku maji yamewafika magotini. Nami ningecheka, lakini nyumba pekee mtaani iliyobaki na paa zima ilikuwa ya mtalaka wa mume wangu.

Basi tukahamia huko, mtaa mzima, na magodoro yanayochuruzika.

"Karibuni jamani. Dada, pita ndani, utapigwa na baridi."

Eti dada! Nilipita. Kwa wivu, salamu nikaitoa nusu.

Mvua ilipokatika, mume wangu alitoka kwenda kupigilia mabati ya watu. Mimi nikajilaza chali sebuleni kwa mwanamke yule. Nyumba haikuwa na dari, na hapo ndipo nilipouona waya. Kila boriti ilikuwa imefungwa ukutani kwa waya mnene, na msokoto wake ulikwenda kushoto.

Mimi ni msusi. Nikipishana na kichwa njiani najua kimepita mikononi mwa nani, maana kila mkono una msokoto wake. Na fundi anayesokota waya kushoto namjua mmoja tu, mume wangu, ana shoto. Tena waya wenyewe uling'aa, hauna hata chembe ya kutu. Kwa hiyo alikuja juzijuzi, redio ilipoanza kututisha na huo upepo, wakati mimi naambiwa kazi zimemzidi. Paa langu liende zake, la mwenzangu lifungwe kama mzigo wa safari!

Nikainuka. Nikamfuata mwanamke yule jikoni.

"Mume wangu alikuja lini hapa?"

"Hapa? Hajakanyaga tangu tuachane."

"Usinifanye mtoto. Huo waya wa juu ni mkono wake."

Akaniangalia, kisha akacheka. Hakucheka kwa dharau, na hilo ndilo lililoniudhi zaidi. Akachukua plaizi na kipande cha waya kilichobaki, akasokota mbele yangu kwa mkono wa kulia. Msokoto ukaenda kushoto.

"Tulikuwa tunafunga mapaa pamoja, dada. Nimejifunza kwake, nikaubeba na ushoto wake. Safari hii niliposikia upepo unakuja, nikapanda mwenyewe. Kwani wewe hajakufundisha?"

Hajanifundisha. Hata ngazi sijawahi kumshikia. Husema nitaumia, nami nilidhani hayo ndiyo mapenzi.

Laiti angekuwa mwizi! Mwizi wa mume ningemkamata nywele, mtaa ukaja kutuamulia. Huyu hakuiba chochote. Alipewa kwa moyo mmoja kitu ambacho mimi sikupewa, na ndoa ilipovunjika akaondoka nacho. Nilimwonea wivu kuliko dakika ile nilipodhani ananiibia.

Jioni mume wangu alirudi, viganja vimechubuka, akaketi kando yangu.

"Pole, mke wangu. Kesho naanza letu. Ila kufunga waya haraka ni kazi ya watu wawili, sijui nimpate nani."

"Mimi nipo."

"Wewe? Utaanguka bure." Na macho yake, nadhani bila yeye mwenyewe kujua, yakaenda jikoni.

Nikamshika kidevu, nikamgeuza uso.

"Nianguke," nikamwambia. "Lakini anayepanda ni mimi."