Tairi Lililoambiwa Livute Pumzi

Usiku wa kuamkia Jumanne niliota tairi limeingia kibandani kwangu kupimwa gauni. Lilibisha hodi, likajipangusa tope mlangoni, likakaa kwenye benchi la wateja.

Niwaeleze kwanza mambo yalivyokuwa kabla sijalala. Mimi ni fundi cherehani, hapa hapa Lushoto mjini. Jumatatu mume wangu Hatibu alilivisha gari letu matairi mapya manne, la tano akaliweka nyuma liwe spea, kwa sababu asubuhi yake tulikuwa tunamteremsha mama yake, Bibi Mwantumu, akatolewe mtoto wa jicho. Barabara ya kuteremkia Mombo upande mmoja ni mlima, upande wa pili ni bonde, na katikati ni kona.

Jioni nikayakagua. La mbele kushoto lilikuwa na kibonyeo ubavuni, kama aliyelitengeneza alilibonyeza kwa dole gumba likiwa bichi. Nikasema mimi silipandii hilo, na Bibi halipandii.

"Muuzaji kasema si kitu," akasema Hatibu.

"Muuzaji hateremki na mama yako."

Tulibishana mpaka ugali ukapoa. Mwishowe akatoa jeki, akalifungua tairi lile akalitupa nyuma, akafunga spea mahali pake. "Haya, ubavu wangu, umeridhika?" Ubavu wangu ndilo jina analoniitia anaposhindwa. Nikaitika abee, nikaenda kulala nikiwa mshindi.

Sasa mteja wangu wa ndotoni ndiye huyo aliyetolewa. Nilimtambua kwa kibonyeo.

"Gauni la nini?" nikauliza.

"La kukaa nyuma ya gari," likasema tairi. "Nimesikia kuna baridi."

Nikachukua futi. Futi ikanung'unika kwamba mteja huyu hana kiuno, itapimaje? Cherehani, ambayo kwa kawaida haisemi mpaka itiwe mafuta, ikasema mteja ni mteja, apimwe. Nikapima. Tairi lilikuwa na vile vinyweleo vya mpira vya matairi mapya, nikaliuliza kama litanyoa kabla ya safari. Likasema litaona.

"Vuta pumzi," nikaliambia. Ndivyo ninavyowaambia mabibi harusi wote, maana nguo inayokaa vizuri kwa mtu aliyetoa pumzi hupasuka mbele ya wageni.

Tairi linavuta pumzi. Linatuna pande zote, isipokuwa pale ubavuni. Pale panabaki ndani.

"Hapo ndipo ninapopaogopa," nikasema.

"Hapo pana mshono," likasema. "Wewe ukiunga kitambaa kwa kitambaa unafanyaje?"

"Nalaza ukingo mmoja juu ya mwenzake, napiga cherehani."

"Na pale vilipolaliana, panavutika kama pengine?"

"Hapavutiki. Pako mara mbili."

"Basi ndani ya mpira huu nina nyuzi, na nyuzi zina mahali zilipokutana. Kwingine kote nikijazwa upepo kunatanuka. Pale pako mara mbili, panakataa. Wewe fundi mzima umeniona mgonjwa."

Niliona aibu. Miaka kumi na minane nashona, kisha napewa somo la mshono na mpira. Lakini sikukubali papo hapo. Kila mteja husema kasoro yake ni mtindo.

Nilipoinua macho kibanda hakipo. Niko kwenye barabara ya Mombo na cherehani yangu, na barabara imekunjwa marinda kutoka juu hadi chini. Bwana mmoja mwenye mwavuli ananiambia niyahesabu. Nayahesabu: ni arobaini na moja. Anaandika, ananishukuru, anakunjika pamoja na rinda la tatu.

Bibi Mwantumu yuko kando ya barabara, kwenye kigoda chake cha nyumbani. Mahali pa macho ana vifungo viwili vya koti.

"Hospitali wamesema kila mtu aje na vyake," ananieleza. "Vipigie uzi imara, mkwe. Hiki cha kushoto kinalegea."

"Nitavipiga, mama. Unashuka rinda la ngapi?"

"La mwisho. Siteremki mlima nusu."

Hatibu anatokea juu. Ameshika usukani tu, gari halipo, matairi manne yanatembea kumzunguka kama watu wa harusi. Anapaza sauti: "Ubavu wangu!"

"Abee!" nikaitika.

"Abee!" likaitika tairi la mbele kushoto. Sikulilaumu, maana nalo lina ubavu.

Lilikuwa ile spea. Jeusi, laini, vinyweleo vimechanwa upande mmoja. Likaniamkia shikamoo bila kukumbushwa.

"Mimi, mama, nitazame," likasema. "Sina mshono hata mmoja."

Matairi mengine yakapiga makofi. Mimi sikupiga. Nguo isiyo na mshono sijaiona, na aliyeiona hajaivaa.

"Vuta pumzi," nikaliambia.

"Nimeshiba tu, mama."

"Vuta pumzi."

Linavuta kidogo, kwa adabu. Ubavuni panaanza kuinuka kitu, polepole, kama andazi linavyofura kwenye mafuta. Naweka kiganja. Ni uvimbe wa ukubwa wa kifungo, na ni laini.

"Mshono wako uko wapi?" nikauliza.

Tairi likatazama chini. "Siku niliyoundwa kitambaa cha nyuzi hakikutosha. Kingo hazikufikiana. Wakapaka mpira juu, nikapendeza."

"Na upepo hapo unazuiwa na nini?"

"Na mpira mtupu," likasema. "Na adabu yangu."

"Adabu yako itafika rinda la ngapi?"

Likahesabu kimoyomoyo. Halikuwa tairi baya, lilitaka kusema kweli. "La kumi na tisa."

"Mimi nashuka la arobaini na moja," akasema Bibi Mwantumu.

Hapo niliogopa sana. Sikuliogopa tairi. Nilichoogopa ni kwamba muuzaji hakuliweka pale, wala Hatibu hakuliweka kwa hiari yake. Niliyeliweka ni mimi, kwa mdomo wangu, kisha nikalala usingizi mnono. Nikataka kumwambia Hatibu asimame, lakini nilikuwa nimebana pini midomoni. Kifungo cha kushoto cha Bibi kikakatika, kikaanza kuviringika kuelekea bondeni.

Nikaamka. Kulikuwa kumepambazuka. Nje Hatibu alikuwa anafunga buti la gari, na Bibi Mwantumu ameshakaa kiti cha mbele, kikapu mapajani, macho yake mwenyewe usoni, yenye ukungu kama siku zote.

Nilitoka na kanga moja. Nikachutama mbele kushoto, nikapitisha kiganja ubavuni mwa tairi, taratibu, kama ninavyotafuta pini iliyosahauliwa kwenye pindo. Kwa macho huoni kitu. Kwa kiganja kilikuwepo, sawa na kifungo.

"Baba Shani," nikamwambia Hatibu, "nirudishie lile lenye kibonyeo."

"Lile ulilolikataa?"

"Kilichoingia ndani ni mshono. Kilichotoka nje ni upepo unatafuta njia. Weka mkono."

Alifungua mdomo aniambie habari za muuzaji, kisha akaweka mkono. Alitazama uvimbe, akamtazama mama yake, akaenda kuchukua jeki. Lenye kibonyeo likarudi mahali pake, tairi moja la zamani likawa spea, na lile laini tukaliegemeza kwenye ukuta wa banda la kuku.

Alipokaza nati ya mwisho alibaki amechutama, kiganja juu ya kibonyeo.

"Ubavu wangu," akasema. Safari hii hakuwa ameshindwa, alikuwa ameogopa kama mimi.

"Abee," nikaitika.

Bibi Mwantumu akatoa kichwa dirishani. Haoni mbali, lakini masikio yake hayana umri.

"Mkwe nimemsikia," akasema. "Huyo mwingine aliyeitika pale kwenye banda la kuku ni nani?"