Kigelegele cha Sahani ya Tatu

Wiki ya harusi ya Mokeira, soko zima la Nyamache lilikuwa limeshapata habari kwamba Shangazi Celestine amekataa kuja, lakini atakuwepo. Hilo la pili ndilo lililowachekesha watu mpaka wauza ndizi wakasahau kupandisha bei.

Celestine ndiye mwenye kigelegele. Wanawake wengine hupiga vigelegele, yeye anacho. Kinaanza chini kama mtu anayesafisha koo, kinapanda, kinakata kona mahali pasipo na kona, kisha kinazimika ghafla, na waliokuwa wameketi wanajikuta wima. Kuanzia Kenyenya anakoishi mpaka Nyamira, bibi harusi asiyekipata huhesabu kwamba ameolewa nusu. Sasa kamati ya harusi, chini ya uenyekiti wa wifi yake mwenyewe, Bonareri, mama wa bibi harusi, ikampanga mtu kama huyo kumenya ndizi. Jina lake lilitumwa kwenye kikundi cha WhatsApp, katikati ya mwenye mahema na mleta kuni. Celestine akasoma, akaandika "Asanteni", akatoka kwenye kikundi.

Bonareri hakutingishika. "Mwacheni apumzike," aliwaambia wanakamati. "Sisi tunaye kwenye kisanduku."

Kisanduku kilikuwa cha Orpah, mdogo wake Mokeira, aliyepiga ngoma za umeme kwenye bendi ya harusi. Ngoma zenyewe ni sahani za mpira. Ukizigonga bila kisanduku zinasema tup, kama kiatu kwenye zulia. Sauti zote hukaa kwenye kisanduku kidogo chenye kioo na vitufe, na kila sahani hulia unavyoiambia ilie. Orpah alikuwa ameshatengeneza seti thelathini na moja, kila moja na jina lake. Aliyoipenda kuliko zote aliiita Harusi ya Kwetu: sahani ya kwanza kinu na mchi, ya pili mfuniko wa sufuria, ya tatu kigelegele cha Celestine alichokirekodi kwenye jubilei ya paroko, na ya nne jogoo wa Mzee Ogari, jirani yao, ambaye siku ile aliwika bila kualikwa.

"Siingii uwanjani bila shangazi," Mokeira alikuwa amesema. "Kama haji kwa miguu, aje kwa fimbo zako. Niahidi."

Orpah akaahidi, tena kwa kuringa.

Alhamisi, siku mbili kabla ya harusi, Abner alirudisha kisanduku. Abner hupiga ngoma kwenye misa ya vijana kule Nyamira, na alikuwa amekiazima Jumapili.

"Nimekuachia kikiwa safi, manze," alisema. "Niliingiza seti zangu kutoka kwa flashi yangu. Zako zilikuwa zinajaza tu nafasi."

"Zilikuwa?"

"Si unajua, ukiambia hii kitu ipakie zote, inapakia zote. Za zamani zinaondoka. Lakini wewe si una nakala?"

Orpah alikuwa nayo, kwa hiyo hakupiga kelele. Alimwangalia tu jinsi mtu anavyoangalia ng'ombe aliyekanyaga mboga, akatoa flashi yake kwenye mkoba, akaichomeka. Kisanduku kikafikiri kidogo, halafu majina yakarudi yote thelathini na moja, yamejipanga kama watoto wa shule. Akafungua Harusi ya Kwetu. Kioo kikaandika: 3, CELESTINE. Akagonga.

Tup.

Akagonga kinu. Tup. Mfuniko, tup. Jogoo wa Ogari, ambaye hajawahi kunyamaza tangu ajue kuwika, tup.

Hapo ndipo alipokumbuka. Siku ya kutengeneza nakala, kisanduku kilimuuliza vizuri kabisa: nihifadhi na sauti ulizorekodi, au bila? Flashi ilikuwa imebaki na nafasi kidogo kwa sababu ilibeba video ya jubilei ya paroko, saa tatu na nusu, hotuba zote. Orpah angeifuta, lakini unaanzaje kumfuta paroko? Akajibu: bila. Alidhani seti na sauti zake ni kitu kimoja. Kumbe alihifadhi majina na mipangilio, sauti akaziacha nje mlangoni.

"Video ya jubilei bado ipo?" Abner aliuliza, akitafuta pa kushika. "Si tutoe kigelegele hapo?"

Wakaitazama. Celestine alipofungua mdomo, mpiga video alikuwa amesimama kando ya spika, na spika ikamfunika.

Ijumaa asubuhi Orpah alipanda bodaboda hadi Kenyenya, kisanduku mapajani, sahani moja ya mpira mgongoni. Kwa Celestine kulikuwa kumejaa, kama kawaida. Wanawake saba walikuwa wameketi sebuleni na vikombe, na wote wakanyamaza kwa pamoja, dalili kwamba anayezungumziwa ameingia.

"Bwakire, shangazi," Orpah alisalimu.

"Mbuya mono. Karibu. Na kisanduku kikaribie, nasikia siku hizi naishi humo." Celestine akawageukia wageni wake. "Nimewauliza hawa kama wananiona hapa. Wamesema wananiona. Sasa mimi sijui nimwamini nani."

Orpah akapewa chai kabla ya kuruhusiwa kusema. Alipomaliza nusu kikombe akaeleza yote, la Abner, la flashi, la paroko.

"Kwa hiyo mmenifuta," Celestine alisema.

"Ni Abner, shangazi."

"Kwanza nikatupwa kwenye ndizi, sasa nimefutwa." Akafikiri. "Na jogoo wa Ogari?"

"Naye amefutwa."

Hilo lilimpoza kidogo. Akataka kujionea. Orpah akaunganisha nyaya mezani, na Celestine akachukua fimbo, akasoma jina lake kwenye kioo, akajigonga. Tup. Akajigonga kwa nguvu zaidi. Tup. Wanawake wakaanza kuangukiana mabegani kwa kicheko.

"Jina mmelitunza, sauti mmetupa," Celestine alisema. "Hivi hivi ndivyo mama yako alivyofanya na ile orodha."

"Nirekodie kimoja tu, shangazi. Nilimwahidi Mokeira."

"Kimoja nikimpigie nani? Bibi harusi yuko wapi hapa? Unataka nishangilie kochi?" Akairudisha fimbo. "Mpigie mama yako. Yeye mwenyewe, si kamati. Na uweke spika tusikie wote."

Simu ikaita mara nne.

"Wifi," Celestine alisema.

"Wifi," Bonareri alijibu.

Kijiko kilianguka, mwenyewe akakikanyaga kisilie.

"Mlangoni anapokea wageni nani?" Celestine aliuliza.

"Mke wa Gibson."

"Yule anayesalimia watu kama anaomba msamaha?"

"Ndiye huyo." Bonareri akavuta pumzi. "Wifi, nikuambie ukweli? Nilikuandika kwa ndizi kwa sababu nikikuweka mlangoni wageni hawaingii. Wanabaki pale pale wakiongea na wewe. Kwenye harusi ya Nehemiah, padri alianza misa na viti vitupu, watu wako nje wanacheka."

Sebule ilipasuka. Mmoja wa wale saba alilazimika kuweka kikombe chini, maana naye alikuwa miongoni mwa waliobaki nje siku hiyo. Celestine alijaribu kushikilia uso wake, ukamponyoka.

"Hilo ni kweli," alisema.

"Ni kweli sana. Lakini njoo mlangoni tu, wifi. Tutachelewa. Tumeshazoea."

Wakachelewa saa moja na dakika kumi. Jumamosi geti lilifurika watu, Celestine katikati yao akiwapokea kwa majina ya mama zao na habari za magoti yao. Orpah alikuwa ameweka maikrofoni karibu na geti, waya umepita chini ya mkeka hadi kwenye kisanduku. Mokeira alipotokea mkononi mwa baba yake, Orpah alibonyeza kitufe cha kurekodi, akaiinua fimbo juu ya sahani ya tatu, akaiacha hewani.

Celestine akakiachilia. Kikapanda, kikakata kona, kikazimika, na uwanja mzima ukawa wima. Mokeira alikuwa analia na kucheka kwa wakati mmoja. Kisha ng'ambo ya ua jogoo wa Ogari akajibu, kwa sauti yake yote, na kisanduku kikawameza wawili hao pamoja.

Kabla keki haijakatwa, Orpah alikuwa ametengeneza nakala. Kisanduku kilipouliza, alijibu: na sauti. Ilichukua muda wa wimbo mzima, na paroko akafutwa bila kuombwa radhi. Nakala ya pili aliiweka kwenye flashi nyingine, akampa Celestine, naye akaifunga kwenye kibeti pamoja na rozari.

"Anayenitaka aje kwangu," alitangaza. "Chai ipo."

Wa kwanza kuja alikuwa Abner, Jumatatu, akiomba kigelegele kwa ajili ya misa ya vijana. Alikipata jioni, baada ya kumenya ndizi za wageni kumi na wawili.